Mlinganyo na Njiti ya Chelewa: Mazungumzo na Wanafunzi wa Mwaka wa Kwanza wa Uhandisi

Marahaba, marahaba. Kaeni, tafadhali. Na nyie mliosimama kule nyuma, viti vipo huku mbele. Najua mbele ni mahali pa hatari, lakini leo simwiti mtu ubaoni.

Ndugu Mkuu wa Ndaki, ndugu wahadhiri, mafundi wa karakana (nawaona mmekaa pembeni kama watu wasioalikwa, na kumbe nyinyi ndio niliowafuata) na nyinyi wanangu wa mwaka wa kwanza, asanteni kwa kuniita. Mliponiandikia mliniomba nizungumzie umuhimu wa hisabati katika uhandisi. Kichwa hicho kilinitia uvivu. Kila aliyewahi kusimama hapa ameshawaambia hisabati ni muhimu, mkapiga makofi, mkarudi hosteli kutafuta desa. Mimi naomba nizungumzie kitu kidogo kuliko hicho. Mlinganyo mmoja, na njiti moja ya ufagio wa chelewa.

Nimeiona ratiba yenu. Jumatatu asubuhi hisabati: matriksi, vekta, kalkulasi, halafu baadaye ile mnayoiita difirensho, ambayo kwenye makaratasi ni milinganyo tofautishi. Jumatatu mchana michoro. Jumanne mnavaa ovaroli mnaingia karakana, mnapewa kipande cha chuma, jiriwa na tupa, mnaambiwa mkipige tupa mpaka kiwe mraba kamili, na fundi anakuja na kipimo chake, anakiinua juu ya taa, mwanga ukipenya anakurudishia. Mikono inatoka malengelenge. Wengi wenu mnajiuliza vitu hivi viwili vinakutana wapi. Daftari mbili, majengo mawili, walimu ambao hawasalimiani sana, na mwishowe vichwa viwili ndani ya mtu mmoja.

Mpangilio huu una historia, na si yetu peke yetu. Mwaka 1794, Ufaransa ikiwa bado kwenye mapinduzi, ilifunguliwa Paris shule iliyokuja kuitwa École Polytechnique. Wazo lake lilikuwa kwamba mhandisi wa barabara, wa migodi na wa mizinga wote waanze na msingi mmoja wa hisabati na sayansi, ndipo waende kwenye shule za fani zao. Waliofundisha pale ni watu ambao majina yao mtayaandika mpaka mchoke: Lagrange, Fourier, na Gaspard Monge. Huyu Monge mpeni heshima yake, maana ndiye anayewasumbua Jumatatu mchana. Akiwa kijana, kwenye shule ya kijeshi ya Mézières, alipewa kazi ya kupanga ngome ambayo adui aliye kilimani hawezi kuichungulia ndani. Kazi hiyo ilikuwa ikifanywa kwa hesabu ndefu za kuchosha. Yeye akaitatua kwa kuchora, akamaliza upesi mno kiasi kwamba mkubwa wake mwanzoni alikataa hata kuitazama. Baadaye jeshi likaifanya njia hiyo siri yake. Kwa hiyo mkiwa mnachora kitu kwa juu, kwa mbele na kwa ubavu, na mkono unauma, jueni mnafanya jometri ambayo watu walikuwa wakifichwa.

Shule nyingi duniani ziliiga mtindo wa kuanza na hisabati. Kitivo cha Uhandisi pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilipofunguliwa mwaka 1973, nacho kilikuwa ndani ya mkondo huo. Sina ugomvi na mtindo wenyewe. Ugomvi wangu ni kwamba Wafaransa wale walikuwa na Monge, mtu mmoja aliyekuwa na ngome kichwani akiwa anafundisha jometri. Sisi tumegawa. Wa hisabati hajawahi kuiona boliti, na wa boliti anasema hisabati aliiacha darasani.

Mimi mwenyewe niligawanyika hivyo hivyo. Mwaka wa kwanza nilipata sapu ya hisabati, yaani mtihani wa kurudia. Sitawaambia chuo gani, wala sitamtaja mwalimu wetu, aliyekuwa akiandika ubaoni kwa mkono wa kulia huku akifuta kwa wa kushoto. Likizo ikafika, nikaenda Morogoro kwa mjomba wangu, fundi seremala, nikiwa na zile noti kwenye begi na hamu ya kudisko, yaani kuachana na chuo, kimya kimya bila mtu kujua.

Siku moja mteja akarudisha geti la mbao. Lilikuwa limelala. Upande wa komeo umeshuka mpaka chini inakwaruza saruji, na ukilitazama kwa mbele si mstatili tena, ni kitu kilichosukumwa. Mjomba hakupima. Alilinyanyua likakaa mraba, akachukua ubao mmoja akaupigilia mshazari, kutoka kona ya chini upande wa bawaba kwenda kona ya juu upande wa komeo. Basi. Nikamuuliza, mjomba, mbona usiuanzie juu kwenye bawaba ushuke nao? Akanijibu bila kugeuka, misumari ikiwa mdomoni: "Ubao unajua kusukuma. Msumari haujui kuvuta."

Usiku nikalichora lile geti kwenye daftari ya hisabati. Chukulieni kila kona ni kiungo kinachoweza kuzunguka. Kona nne. Kila kona inanipa milinganyo miwili: kani, yaani nguvu za kusukuma na kuvuta, za kulala zijumlike sifuri, na za kusimama zijumlike sifuri. Milinganyo minane. Je, nisivyovijua ni vingapi? Mbao nne, kila moja na kani yake, na bawaba zinanipa vitatu, maana moja inabeba uzito na kuzuia lisitoke, nyingine inazuia tu. Saba. Masharti manane, na vitu saba tu vya kuyatimizia. Hapo hapo nikaona kwa nini geti lililala: hakukuwa na namna kani hizo ziwiane. Ongeza ule mshazari wa mjomba. Vinakuwa vinane. Matriksi ya nane kwa nane, yaani jedwali la namba la mistari minane na safu nane.

Nikakumbuka ditaminanti, ile namba moja inayokokotolewa kutoka kwenye matriksi. Nilikuwa nimeikokotoa labda mara mia, chanya, hasi, chanya, kwa kukariri, na sikuwahi kujua inauliza nini. Kumbe kwenye geti inauliza swali moja: hiki kitu kitasimama? Ikiwa sifuri, hakisimami. Na angalieni, kuhesabu tu hakutoshi. Unaweza kuwa na vinane kwa vinane na bado ditaminanti ikawa sifuri, kwa sababu umeweka mihimili yako yote mitatu ya chini ielekee upande mmoja, na jengo lote linateleza kama droo. Idadi imetimia, mpangilio umekataa. Na hesabu hiyohiyo inatoa alama ya kani ya mshazari, inaonyesha kwamba unasukumwa, hauvutwi. Mjomba alilijua hilo na misumari mdomoni.

Fundi yeyote anayepaua nyumba na kupanga kenchi kwa pembetatu anatatua matriksi hiyo. Hajui jina lake, na hakuna tatizo. Tatizo ni mimi, niliyejua jina na nisijue kitu chenyewe.

Sasa nije kwenye mlinganyo wangu.

Kwenye difirensho kuna mmoja mtakutana nao mapema, na utawafuata mpaka mstaafu. Kwa maneno unasema hivi: kuna kitu fulani, ukikidifarenshieti mara mbili, yaani ukitafuta kasi ya kubadilika kwake, kisha kasi ya kubadilika kwa hiyo kasi, kinarudi kilekile, ila kimezidishwa kwa namba na kimegeuka alama. Majibu yake ni sini na kosi, yale mawimbi ya kupanda na kushuka. Mwalimu atawaambia ni mlinganyo wa pendulamu, au wa uzito uliofungwa kwenye springi. Na ni kweli. Unauachia uzito mahali fulani, kwa kasi fulani, unapanda na kushuka. Unaweza kuanzia popote utakapo, mlinganyo haukukatazi.

Mwaka 1744 mwanahisabati Leonhard Euler aliuchukua mlinganyo wa aina hiyo akauweka ndani ya nguzo. Nguzo iliyosimama, imeshikwa juu na chini isihame, ila ncha zake zinaweza kuzunguka, na unaikandamiza. Kile kinachopanda na kushuka sasa si uzito, ni kupinda kwa nguzo kwenda ubavuni kadiri unavyopanda kutoka chini kwenda juu. Sura ya mlinganyo ni ileile, herufi kwa herufi. Kilichobadilika ni masharti ya mipakani. Kwenye pendulamu ulikuwa na mahali pa kuanzia tu. Nguzo ina ncha mbili, na ncha zote mbili hazitoki mahali pake. Kwa hiyo ile sini inalazimishwa kurudi sifuri sawasawa juu kabisa, si kabla, si baada. Na sini haiwezi kufanya hivyo kwa mzigo wowote. Mzigo ukiwa mdogo, jibu ni moja tu: sifuri, nguzo imenyooka. Ukiongeza ukafika kiwango kimoja maalumu, ghafla linatokea jibu la pili, nguzo inaweza kupinda. Kiwango hicho ni pai mara pai, mara ugumu wa mali yenyewe, mara namba inayotokana na umbo la mkato wake, gawanya kwa urefu mara urefu.

Nimekuja na chelewa. Tazameni. Nimeishika njiti hii nikiacha sentimita 10 kati ya vidole na meza. Nakandamiza. Inanichoma kidole, haipindi. Sasa naacha sentimita 40. Nimeigusa tu... mmeona. Urefu umeongezeka mara nne, uwezo umegawanywa kwa kumi na sita. Njiti ni ileile, mnazi uleule.

Na kwenye kanuni hiyo tazameni kile ambacho hakimo. Nguvu ya kuvunjika haimo. Kuna ugumu tu, yaani jinsi mali inavyokataa kunyumbuka. Vyuma vya ujenzi vya kawaida, cha bei ndogo na cha bei kubwa, vina ugumu ule ule, karibu gigapaskali 200. Kwa hiyo nguzo nyembamba ya chuma ikikuonyesha dalili ya kupinda ubavuni, kununua chuma cha ghali zaidi ni kutupa pesa. Badilisha umbo, au fupisha urefu, au shika ncha zake vizuri zaidi.

Hapo kwenye ncha ndipo nilipotaka kufika. Zile ncha zikishikwa zisizunguke kabisa, uwezo unapanda mara nne. Ukiishika chini tu na kuiacha juu huru, kama mlingoti wa bendera, unashuka hadi robo. Tofauti kati ya hizo mbili ni mara kumi na sita, na hakuna mstari hata mmoja wa mlinganyo uliobadilika. Nani anayejua ncha imeshikwaje? Mwalimu wa hisabati hajui, na hana kosa. Anayejua ni yule aliyekaza boliti, aliyechomelea, aliyeona kwamba sahani ya chini imekaa juu ya mchanga. Mlinganyo mnaupata Jumatatu asubuhi. Masharti ya mipakani mnayapata Jumanne, na malengelenge.

Niliyajua haya, na bado yakanipata. Mwaka wa pili kazini nilipewa kusanifu mnara mdogo wa tenki la shule moja mkoa wa Pwani. Simtanki, tenki la plastiki, ya lita 5,000, maana yake tani tano za maji, juu ya miguu minne ya bomba la chuma yenye mita tatu. Nilipiga hesabu vizuri. Niliweka fito za kuunganisha miguu katikati, mita moja na nusu kutoka chini, kwa hiyo urefu wa kupinda ukawa mita moja na nusu. Nikaweka akiba ya mara tatu, yaani uwezo mara tatu ya mzigo. Nikajipongeza. Kwenye mchoro uliokwenda kwa mafundi, zile fito za katikati hazikuwepo. Zilifutika tulipokuwa tunanakili upya, nami nikatia saini bila kuangalia, kwa sababu hesabu nilikuwa nayo kichwani na hesabu ilikuwa sahihi.

Nilipofika kukagua, fundi mchomeleaji, mzee wa makamo, hakuniambia kitu. Alishika mguu mmoja kwa mkono, katikati, akautikisa kama mtu anayeangua embe. Ukatikisika. Akanitazama. "Injinia, hii ni miguu ya korongo. Unapandisha maji juu yake kweli?" Nikatoa daftari. Urefu mara mbili, uwezo robo. Robo ya tatu ni sifuri nukta saba tano. Tenki lingejaa, mnara ungelala, na mabomba ya kuchotea yalikuwa chini yake, pale wanapopanga foleni watoto na ndoo. Tuliongeza fito siku ileile. Yule fundi hakuwahi kusikia jina la Euler. Mkono wake ulikuwa unayapima masharti ya mipakani.

Wengine hawakupata mtu wa kutikisa mguu, au walimpata na hawakumsikiliza. Tarehe 29 Agosti 1907, Kanada, daraja la Québec lililokuwa linajengwa juu ya mto Saint Lawrence lilianguka. Kati ya wafanyakazi 86 waliokuwa juu yake, 75 walikufa, na 33 kati yao walikuwa Wamohawk, wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini, wa kijiji kimoja, Kahnawake. Mhandisi mshauri, Theodore Cooper, alikuwa mtu wa heshima kubwa katika fani, na alikaa New York. Daraja lilikuwa limerefushwa katikati kutoka futi 1,600 hadi 1,800 ili nguzo zake zisikae kwenye maji marefu. Uzito wa chuma chenyewe ulikuwa umekadiriwa kabla ya hapo, na makadirio hayakurudiwa kwa wakati baada ya urefu kubadilika. Zile fito kubwa za chini, zinazobeba mkandamizo, zilibeba zaidi ya ilivyodhaniwa. Majira ya kiangazi yale watu wa eneo la kazi waliona zinapinda. Waliandikiana barua. Wengine wakasema labda zilikuja zimepinda hivyo hivyo kutoka kiwandani. Mhandisi kijana, Norman McLure, akapanda treni mpaka New York kumwona Cooper ana kwa ana. Cooper akaelewa, akatuma telegramu kwamba usiongezwe mzigo, lakini ilikwenda ofisi za kampuni kule Pennsylvania, haikufika darajani. Kazi iliendelea mpaka jioni ile.

Nimekisoma kisa hiki mara nyingi, na kila mara nakwama palepale. Kanuni ya Euler ilikuwa na umri wa miaka 163. Hakuna aliyekuwa haijui. Kosa la uzito halikuhitaji kalkulasi hata kidogo, lilihitaji mtu arudie kujumlisha na kuzidisha. Kilichokosekana ni mtu mmoja mwenye mamlaka ambaye kichwani mwake hesabu na chuma kinachopinda ni kitu kimoja, na amesimama pale pale.

Nitaruka mengine, muda unakwenda. Hili la tenki moja tu, kwa sababu ni tamu. Simtanki iliyonyooka, imejaa, mnafungua bomba la chini. Maji yanatoka kwa kasi inayofuata kipeuo cha pili cha kina kilichobaki, yaani mzizi wake. Andikeni mlinganyo, uintigreti, mtaona nusu ya kwanza ya kina inakwisha kwa asilimia 29 tu ya muda wote. Nusu ya pili inakula asilimia 71 iliyobaki. Mama mwenye nyumba anajua hilo: anaona tenki bado nusu, anadhani ana muda, na kweli anao, kuliko alivyodhani. Nyinyi mnaweza kumwambia ni dakika ngapi. Msiniamini, nendeni mkapime na saa ya simu.

Kuna swali? Eeh, binti wa pale mbele, wa pili.

(Mwanafunzi aliuliza: mtihani hauulizi mambo ya njiti wala geti, unauliza tuthibitishe na tutatue. Tukitumia muda kwenye haya tutapata sapu.)

Swali zuri, na aliyekaa jirani yako amefurahi umeliuliza wewe. Ni kweli. Mtihani ndivyo ulivyo, na mimi nilisapu kwa sababu sikuufanyia mazoezi, si kwa sababu nilikuwa nafikiria mageti. Pigeni msuli, fanyeni pasti pepa. Lakini kila swali ukilimaliza, andika pembeni mstari mmoja: vipimo vya jibu hili ni nini, na ncha zake zimeshikwaje. Sekunde ishirini. Swali la springi, andika anapoanzia. Swali la nguzo, andika ncha. Likiwa ni swali la herufi tupu lisilo na kitu, lipe kitu wewe. Na ndugu wahadhiri wa hisabati, mnisamehe, mimi mgeni: wekeni swali moja tu katika kila mtihani ambalo halijibiki bila mtu kwenda karakana kupima kwanza. Moja. Wanafunzi watalalamika muhula mmoja.

Mwingine? Haya, chakula kimefika, nawaona mnavyogeuka.

Pale mlangoni kuna boksi la chelewa, mke wangu ametoa ufagio mzima na ananidai. Kila mmoja achukue njiti moja. Fundi mkuu wa karakana amekubali kesho saa mbili asubuhi mje na rula na mizani ya jikoni, mkandamize njiti zenu kwa urefu wa 40, 30, 20 na 10, mwandike mzigo ulipoanza kupinda. Mkizichora namba zenu dhidi ya moja gawanya kwa urefu mara urefu, mtapata mstari karibu ulionyooka. Njiti fupi zitauacha mstari. Kabla hamjamuuliza mtu kwa nini, tazameni kwanza vidole vyenu vimezishika vipi.